Punguza Uzito

Mama Mkubwa alikuwa akifumua ubavu wa gauni la muuguzi, alilotakiwa kulipanua kiunoni, pale cherehani ilipoanza kuinuka. Iliinuka taratibu kama unga unaoumuka, ikaachana na sakafu. Akaikanyaga pedeli, ikashuka. Akaendelea kufumua.

Jina hilo alipewa na binti wa marehemu mdogo wake, aliyemlea. Lilikuwa haki yake ya undugu. Wateja walidhani ni kwa ajili ya mwili wake, wakalidaka. Hakuwasahihisha.

Daktari alikuwa amemwambia: punguza uzito. Hakusema uzito wa nini. Dawa ya sukari ilipoanza kununuliwa, kabati ndilo lililotii kwanza. Likawa jepesi hata binti akalihamisha kwa kidole, kisha likapanda, likatulia chini ya dari. Dawa ya presha ikapandisha kitanda. Kidonda cha mguu kilipoanza kusafishwa, zikafuata pasi na meza. Jua la asubuhi lilipopenya dirishani, vitu hivyo viling'aa huko juu kama samaki kwenye maji matulivu, na kila aliyeingia alishusha sauti bila kuambiwa. Mizani ya zahanati tu ndiyo haikubadilika.

Muuguzi akapiga hodi. "Gauni langu je, fundi?"

"Bado mbavu zote mbili. Nikupanulie kiasi gani?"

"Kiasi cha kupumua." Akatazama juu. "Kitanda kimepanda lini?"

"Juzijuzi, baada ya presha."

"Chetu tulikifunga kamba tangu mama aanze sukari. Lakini na wewe, Mama Mkubwa, punguza uzito."

"Niupunguze wapi tena, mwanangu? Nyumba nzima imeshakonda."

Wakacheka, muuguzi akiwa ameshika kiuno.

Binti akarudi kutoka duka la dawa. Akaamkia, akaweka kipakiti kwenye kiti. "Imepanda bei tena," alisema.

Cherehani ikateleza kutoka chini ya mguu wa Mama Mkubwa, ikapita mlangoni bila kugusa fremu. Binti akairukia, akaukamata mguu wake wa chuma. Wote watatu wakatoka.

Juu ya mtaa anga lilikuwa limejaa. Vitanda, baiskeli, milango, jokofu lenye taa yake ndani, vyote vikielea kimya, kila kimoja juu ya paa la mwenyewe, hadi upeo wa macho. Vivuli vyake vilipita usoni mwao.

"Nikairudishe dawa?" binti akauliza. Alikuwa bado ameing'ang'ania cherehani. "Hii ikienda, tutakula nini?"

Mama Mkubwa akautazama mguu wake uliofungwa bendeji. "Na huu ukienda, nitakanyagia nini?"

Akavua utepe wa kupimia uliokuwa shingoni, akaifunga nao cherehani, ncha ya pili akaizungusha kiunoni mwake. Utepe ulitosha kwa shida. Cherehani ikavuta, ikavuta, ikakubali. Katika nyumba ile, uzito ulikuwa umebaki kwake peke yake.

Akairudisha ndani akiikokota, akaketi, akameza kidonge, akashona ubavu mmoja. Wa pili akautia pini, uwe wa kesho.

"Kesho si siku ya dawa ya presha?" muuguzi akauliza.

"Ndiyo," alisema Mama Mkubwa, akakaza fundo.