Bei ya Kuanzia

Mimi ni dobi wa hoteli. Miaka saba nimefua mashuka ya watu nisiowajua, na sabuni imenila vidole hadi kushika kitasa cha mlango ni adhabu. Kwa hiyo meneja aliposema darasa la Kiingereza litatoa mtu mmoja wa kukaa mapokezi, niliitaka ile kazi kuliko chakula. Nasema wazi, sina haya.

Tulisoma miezi mitatu kwenye chumba cha kulia, mimi na shemeji yangu, mume wa dada, mbeba mizigo wa hapo hapo. Siku ya mwisho mwalimu akagawa fomu: jipe alama mwenyewe, moja hadi kumi.

Nikaandika tatu.

Msinicheke. Mama alinilea tukinunua vitu sokoni, na hakununua hata sindano bila kupatana. Mnunuzi huanza chini, mwenzake hupandisha, mnakutana katikati. Nilingoja mwalimu aseme, "Dada, tatu? Acha utani, chukua nane." Mwalimu akakusanya fomu, akafunga begi, akaenda zake.

Shemeji aliwahi kuuza viatu sokoni. Yeye alianza juu: tisa. Alitegemea ashushwe hadi tano. Hakuna aliyemshusha.

Mwenye tisa akavalishwa tai. Mwenye tatu akarudi kwenye mashuka, akalia kidogo, akapiga pasi.

Wiki haijaisha, simu ya chumba cha kufulia ikaita.

"Shemeji," alinong'ona mwenye tai kutoka mapokezi, "kuna mgeni hapa. Anaongea."

"Anasema nini?"

"Ningejua ningekupigia?"

"Haya, mpe simu."

Begi la mgeni lilikuwa limebaki uwanja wa ndege. Nikamweleza la kufanya, akashukuru, nikarudi kwenye mito. Tangu siku hiyo kila mgeni alipewa simu kwanza, ufunguo baadaye. Walidhani ndio utaratibu wa hoteli.

Miezi mitatu ikapita, meneja akatuletea fomu tena sote wawili, safari hii ili amthibitishe mtu kazi ya mapokezi. Shemeji akaandika mbili.

"Ile tisa imenitoa jasho, shemeji," akasema. "Heri mizigo. Mizigo haiulizi maswali."

Nilimwonea huruma. Nilifurahi pia, Mungu anisamehe.

Mimi nikaandika kumi.

Meneja akaniita ofisini, fomu mkononi. "Kumi? Juzi tu ulikuwa tatu. Hata mimi sina kumi!"

Nikamjibu kwa Kiingereza, maana hiyo ndiyo bidhaa yenyewe. Nikamwambia, "Basi sema wewe, ngapi?"

Akaitazama fomu, akanitazama mimi. Naye akajibu kwa Kiingereza.

"Saba."

"Bosi, ongeza kidogo."

Alikuna kichwa. Mwishowe nilipata mtu anayejua kupatana.

"Haya. Nane."

Nikavua aproni kabla hajabadili mawazo.