Bingwa wa Mizani

Jokofu la kantini lilikuwa limetiwa kufuli. Kibonge, mama aliyepiga pasi hotelini, aliutikisa mlango, akautikisa tena, kisha akainama kuchungulia pembeni, utadhani kichupa chake cha insulini kingetoka chenyewe. Kilikuwa humo, nyuma ya maziwa ya wageni. Nyumbani kwake hakukuwa na friji, na umeme wa mtaani kwao ulikuja ulipotaka, kwa hiyo dawa yake ya kisukari iliishi hotelini kwa hisani ya meneja. Kila siku alijidunga kabla ya kushika pasi, akajidunga tena kabla ya kurudi nyumbani.

"Ufunguo anao nani, bosi?" alimuuliza meneja, aliyekuwa akipita na kikombe cha chai.

"Kocha."

"Lakini dawa yangu imo humo. Unajua."

"Najua. Na Kocha anajua. Kamwone yeye."

Kocha alikuwa kijana mwenye shingo nene na meno ya kuvutia, aliyeletwa na wenye hoteli kuwapa wafanyakazi mwili mpya na maisha mapya. Wenye hoteli walikuwa wamechoshwa na ruhusa za ugonjwa. Daktari ni ghali, mizani ni rahisi. Basi kila Jumatatu madobi wote, wapishi na wafagiaji walipanga foleni ukumbini, viatu mkononi, wakapimwa mmoja mmoja. Asiyepungua alipigiwa miluzi, na ikasemwa chinichini kwamba mkataba wake usingeongezwa.

Kibonge alimkuta ukumbini akiwanyoosha wafagiaji viungo. Ufunguo ulining'inia shingoni mwake, pamoja na filimbi. Akamwomba amfungulie dawa yake.

"Mama yangu, nani alikuambia unaumwa?"

"Daktari, mwanangu."

"Na daktari atakula wapi usipoumwa?"

Wafagiaji wakaangua kicheko. Kibonge naye akacheka, maana ndivyo alivyozoea: utani wa mwili wake aliuwahi kabla haujamuuma.

"Sindano ni mkongojo," Kocha akasema. "Umewahi kumwona bingwa akikimbia na mkongojo? Mimi nitakufanya bingwa."

Meneja, aliyekuwa amefika na chai yake, akaongeza kwa upole: "Mkataba wako unaisha karibuni, Kibonge. Nisingependa kukupoteza."

Mshahara huo ndio uliolisha nyumba. Mumewe alikuwa fundi viatu, na watu siku hizi walinunua ndala, zikikatika wanatupa. Kliniki alikwenda, wakamwambia dozi yake ameshachukua, arudi tarehe yake. Kazi mbaya si mchezo mwema, akajisemea, akarudi kwenye pasi yake. Tena, ukweli usemwe, alitaka kuamini. Nani hapendi kuambiwa kwamba shida zake zote ni uvivu tu, na kwamba uvivu unatibika?

Akapungua. Akapungua vibaya sana. Kiu ilimshika hata akawa anakunywa maji ya bombani kwa kuinamia, na chooni akawa haishi kwenda na kurudi.

"Sumu hiyo!" Kocha akatangaza mbele ya wote. "Inatoka!"

Nyumbani, sisimizi walianza kujipanga chooni. Mumewe aliwatazama, akarudi ndani hana raha.

"Mke wangu, sisimizi hawafuati sumu. Wanafuata sukari."

"Niache, baba watoto. Kwenye mizani naongoza."

Na kweli aliongoza. Jumatatu moja alivishwa sare ndogo mbele ya ukumbi mzima, wakampigia makofi. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumpigia makofi. Alilia, na Kocha akampiga picha akilia.

Kisha ikafika Jumatatu ambayo wenye hoteli wenyewe walikuja kutazama. Asubuhi hiyo Kibonge alipiga pasi foronya ileile mara mbili bila kujua. Mvuke ulipompiga usoni, alishika meza. Wifi yake, dada wa mumewe, aliyefanya naye kazi meza moja, alisogea akamnusa.

"Wifi, unanuka kama matunda yaliyovunda. Kaa chini."

"Nikikaa, Wifi, sinyanyuki."

Alikwenda kwa Kocha akijikokota, mkono ukutani.

"Nipe ufunguo, mwanangu. Leo tu. Nakufa."

Kocha alitupa jicho kule walikoketi wenye hoteli, akatabasamu kwa ajili yao.

"Baada ya mizani, mama yangu. Wewe ndiye ushuhuda wangu leo. Ukijidunga sasa, nitawaambia nini wale?"

Foleni ikapangwa. Kibonge alikuwa wa kwanza, wifi yake nyuma yake. Lilipoitwa jina lake alivua viatu, akaanza kutembea, lakini sakafu ilimkataa. Alianguka bila hata kutanguliza mikono.

Kocha akanyakua kipaza sauti.

"Msiogope! Mwili wa zamani huo, unaanguka!"

Makofi yakaanza nyuma, yakasambaa. Kibonge aliyasikia akiwa shavu chini, kwa mbali, kama mvua ya mtaa wa pili.

"Mfungulieni dawa yake!" wifi yake alipiga kelele, amepiga magoti. "Mtu anakufa, nyie! Hamna hata haya?"

Meneja alimwinamia wifi, akanong'ona kwa sauti ileile ya upole. "Dada, wenye hoteli wanaangalia. Na wewe mkataba wako ni wa lini?"

Wifi akafumba mdomo. Machozi hayakufumbika.

Walinzi wawili wakaja kumwinua Kibonge.

"Mpandisheni kwanza," Kocha akasema pembeni ya kipaza sauti. "Ndipo mumtoe."

Wakamsimamisha kwenye mizani, mmoja kwapa hili, mwingine kwapa lile, kichwa kimemwangukia kifuani. Mshale ukapanda kidogo tu ukasimama, kwa kuwa uzito wake mwingi ulikuwa mikononi mwao. Kocha akasoma namba kwa sauti kubwa. Wenye hoteli wakasimama kupiga makofi, na ukumbi mzima ukasimama nao.

"Anayefuata!"

Wifi yake akajifuta uso kwa kiwiko, akainama, akavua viatu.