Lengo la Nne

Januari ya mwaka juzi, Modesta na mumewe Masele walihudhuria semina ya ndoa kanisani kwao, Kisesa. Mhubiri mgeni aliwaambia kuwa lengo ambalo halijaandikwa humponyoka mtu kama dagaa kwenye wavu wenye macho makubwa. Kila familia iandike yake, iweke na tarehe, kisha ibandike mahali pa kuonekana kila siku.

Walipofika nyumbani waliandika matatu pamoja: kuezeka upya jiko la nje, binti yao Hellen kufaulu darasa la saba, na kusali pamoja kila jioni. Masele akatoka kwenda kufungia kuku. Modesta akabaki na kalamu, akaongeza la nne: Ifikapo Juni, mama awe amerudi Magu.

Mama huyo alikuwa Sabina, mzazi wa Masele. Alikuwa akikaa nao mwaka wa nne sasa, tangu afiwe na mumewe kule kwao Magu, akilala chumba kimoja na Hellen. Hakuwa mkorofi. Alfajiri alifagia uwanja kabla ya mtu yeyote kutoka, na nguo zikikauka alizikunja na kuzipanga kabatini. Ila Modesta alikuwa fundi wa sare za shule, cherehani kimebanwa sebuleni katikati ya makochi, na alikitaka kile chumba. Basi. Karatasi aliibandika ndani ya mlango wa kabati bila wasiwasi, maana Sabina hakujua kusoma. Hata Biblia alisomewa na mjukuu.

Mwezi wa tano Sabina alisema anakwenda Magu kumsaidia binti yake, Bernadeta, kuvuna mpunga. Alifunga nguo zake zote, hadi vitenge vya sikukuu. Modesta alimfungashia sukari na sabuni, akamwambia asikawie. Yule mama alimshika mkono, hakuuachia upesi.

"Umenitunza vizuri, mama Hellen," alisema.

Cherehani kikahamishwa wiki ileile.

Katikati ya Juni, Modesta akitafuta shuka, aliona kitu kwenye karatasi. Pembeni ya lengo la nne palikuwa na alama ya vema, ya penseli, imepindapinda, imekandamizwa hadi karatasi ikakaribia kutoboka. Akamwita Hellen. Mtoto alikana, kisha akaeleza kwamba kwa miezi mingi alikuwa akimfundisha bibi herufi. Siku hizi bibi alisoma mwenyewe, polepole, akifuata kwa kidole. Alitaka iwe siri mpaka Krismasi, ili awasomee wote.

Modesta aliazimia kwenda Magu Jumamosi ile. Si mbali. Lakini hakujua ataanza na neno gani, akasingizia sare za watu, Jumamosi ikapita, na iliyofuata nayo ikapita. Mwanzoni mwa Julai Bernadeta alipiga simu. Mama aliamka kifua kimembana, wakamkimbiza zahanati, na mchana haukumkuta.

Baada ya mazishi ndipo ufagio ulipoanza. Kila alfajiri, upepo wa ziwani ukiwa bado baridi, Modesta aliusikia ukipita taratibu kwenye udongo, kutoka mlangoni kuelekea kwenye mpapai. Akifungua mlango, hapana mtu, na majani ya jana yako palepale. Chumbani nako alishindwa kushona. Kila akikanyaga pedali alihisi kuna mtu kitandani nyuma yake, anatamka silabi moja moja. Akigeuka, ni godoro tupu. Alikonda. Wateja wakaanza kurudisha sare zenye mishono iliyokwenda kombo.

Mwezi wa tisa akamwita Masele mbele ya kabati, akamweleza yote huku analia. Masele hakuitazama karatasi.

"Naijua," alisema. "Niliiona jioni ileile, nikasema nitaifuta. Halafu nikaona, acha, labda mambo yatajipanga yenyewe." Akaufunga mlango wa kabati. "Na ufagio nausikia mimi pia."

Walikwenda Magu pamoja. Bernadeta alikuwa anaanika mpunga juu ya turubai. Walimweleza wakiwa wamesimama, naye aliendelea kuugeuza mpunga kwa mguu mpaka wakamaliza. Kisha akasema mama hakutaja karatasi yoyote. Kila mgeni aliambiwa kwamba kule Kisesa alikuwa na mkwe aliyemtunza kama mama wa kumzaa, na kwamba amerudi kwa sababu alikumbuka nyumbani.

Modesta alikuwa amejiandaa kutukanwa. Kwa hili hakuwa amejiandaa.

"Wifi, tusamehe," alisema.

"Mimi hamkunikosea," Bernadeta alijibu. Akaonyesha kwa kidevu upande wa kaburi. "Aliyekosewa yuko pale."

Wakaenda. Masele aliongea na mama yake kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini, muda mrefu. Modesta alipiga magoti, lakini mdomo ulikataa kufunguka.

Jua lilipoinama waliaga. Bernadeta aliitikia vizuri, akawafungia mchele kwenye mfuko. Hakuwasindikiza.