Giligilani ya Tani Saba

Lori lilikuwa limeshakata kona ya kinu cha unga pale Tani Saba alipomgonga dereva begani.

“Simama. Nimesahau kopo.”

“Kopo gani, mzee? Tumebeba mpaka ufagio.”

“Simama nimekwambia.”

Dereva akasimama, maana aliyemwambia alikuwa ameshika usukani kabla yeye hajazaliwa. Tani Saba alipewa jina hilo kwa ajili ya lori la tani saba aliloliendesha miaka thelathini na minane, na jina likamganda hata baada ya lori lenyewe kuuzwa kama vyuma chakavu. Leo alikuwa anahamia kwa binti yake, na ilikuwa mara yake ya kwanza kusafiri na mzigo akiwa kwenye kiti cha abiria. Tangu waondoke, mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga breki isiyokuwepo.

Alirudi kwa miguu. Nyumba ilikuwa tupu, kila hatua inajibiwa na ukuta. Akaingia jikoni, akanyoosha mkono kwenye rafu ya juu ya jiko, akalishusha kopo la bati la maziwa ya unga. Akalitikisa. Lilikuwa nusu.

Ndani mlikuwa na giligilani, ile wengine huiita dania: majani yake ya kunyunyizia mchuzi, punje zake za kusaga. Marehemu mkewe hakununua mbegu yake hata siku moja. Alipewa na mama yake siku aliyotoka kwao, mama naye alipewa na mama yake, na kila mwaka alipanda, akachuma, akaacha mashina machache yazeeke kwa ajili ya mwaka unaofuata. Tani Saba aliyajua hayo kama mtu anavyojua habari za redioni. Alikuwa akirudi safari anakuta kijani nyuma ya nyumba, anakula, anaoga, analala siku mbili, huyoo. Asiyekuwepo na lake halipo.

Mkewe alikuwa na mwaka na miezi miwili kaburini. Bustani ilikuwa imekauka kama uwanja wa mpira. Mbegu iliyopita mikono ya wanawake watatu ilikuwa imeishia mikononi mwa dereva, na dereva akiiachia ife, basi imekufa. Hakuna pengine pa kuitafuta. Alilipachika kopo kwapani akarudi kwenye lori.

Kabla ya kupanda alizunguka nyuma kukagua mzigo, maana aliupanga mwenyewe na hakumruhusu mtu aguse. Kioo cha kabati alikikinga kwa foronya kuukuu yenye fundo, aliyoikuta inaning’inia nyuma ya mlango wa stoo, imejaa makapi makavu. Aliisukuma kati ya kioo na ubao mpaka kikatulia. Mzigo usiocheza hauvunjiki. Elimu yake kubwa ilikuwa hiyo.

“Haya, twende,” alimwambia dereva. “Na ukifika kwenye matuta, shusha gia, usinitikise kama gunia.”

Binti yake alikuwa muuguzi, ameolewa na fundi wa vigae. Mkwe huyo alikuwa mtu mpole, mcheka kwa pua, lakini udongo ulikuwa unamkera. Nyumba yote alikuwa ameitandika vigae vya kubakia kwenye kazi za watu: sebuleni vyeupe, ukumbini vya maua, msalani rangi nne zisizojuana. Palikuwa pamebaki ua wa nyuma ya jikoni, na rundo la vigae lilikwisha kuwekwa pale, linangoja.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tani Saba siku ya tatu hakungoja kupewa. Alilitafuta mwenyewe, akalikuta nyuma ya tangi la maji, akaenda kwenye kona ya ua ambapo ukuta ulitupa kivuli mchana.

“Baba, unachimba nini?” binti aliuliza kutoka dirishani.

“Nachimba giligilani.”

“Inachimbwa?”

“Nachimba pa kuipanda. Usinivunje moyo.”

Mkwe aliporudi jioni alisimama mbele ya ule udongo uliofukuliwa, akajikuna shingo. Asingeweza kumwambia baba wa mkewe acha, na asingeweza kujizuia kutazama vigae vyake.

“Hapa nilitaka kupafunika, baba,” alisema. “Lakini si neno. Hata tukiacha.”

Tani Saba aliliona tatizo la mwenzake, na kwa kuwa hakutaka kuhesabiwa miongoni mwa wazee wanaohamia nyumba za watoto na kuanza kutawala, akajifunga kwa mdomo wake mwenyewe.

“Nipe wiki tatu. Ikiota hata mstari mmoja, kona ni yangu. Isipoota, tandika vigae vyako mpaka ukutani, na hutasikia neno kutoka kwangu.”

“Sijasema hivyo, baba.”

“Mimi ndiye nimesema.”

Akafungua kopo, akachora mifereji kwa kidole, akazimwaga punje, akafukia, akamwagilia. Kisha akaanza kungoja. Alikwenda kutazama alfajiri, akaenda baada ya chai, akaenda mchana, akaenda wakati binti anakwenda zamu na wakati anarudi.

Siku ya kumi hakukuwa na kitu. Akapanda tena, safari hii juu juu zaidi, akidhani alizika kupita kiasi. Siku ya kumi na sita alifukua punje moja kwa ukucha. Ilikuwa imevimba, laini, nyeusi ndani. Akaifukia upesi, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba asichotakiwa kuona.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Mara kwa mara jioni, mkwe aliporudi kazini na kutua mfuko wake wa zana, Tani Saba alikuwa anasikia harufu ya mkewe. Si marashi. Ile harufu ya mikono yake akitoka kupukuchua giligilani, kali kidogo, ya ndimu kwa mbali. Inakuja, inapita. Akisema, binti angemtafutia vidonge.

Wiki ya tatu ilitimia Jumamosi. Asubuhi ile mkwe alikuwa na siku ya mapumziko, akachanganya simenti yake, akapiga magoti mlangoni mwa jikoni na kuanza kutandika kuelekea ukutani. Alifanya polepole mno. Fundi ambaye kwa watu hutandika chumba kizima kabla ya saa sita, leo alipima kila kigae mara nne.

Ndipo alipofika shemeji yake Tani Saba, mdogo wa marehemu mkewe, mshonaji, mwanamke mwenye mdomo wa kukata nyuzi. Alimkuta mzee amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kopo miguuni.

“Eti umekuwa mkulima, Tani Saba? Basi mwaka huu tutakula matairi.”

“Karibu, shemeji. Nicheke tu. Haikuota.”

“Umepanda nini?”

“Hizi. Za dada yako.”

Shemeji aliinama, akachota punje mbili, akazinusa, akatia moja mdomoni na kuivunja kwa meno. Halafu mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

“Shemeji yangu,” alisema. “Hizi zimekaangwa.”

“Zimekaangwaje?”

“Zimekaangwa jikoni, kwenye kikaango kikavu, zisiingie wadudu. Ni za kusaga. Umepanda kiungo, baba wewe. Ungezimwagilia supu ungevuna mchuzi.”

Kule mlangoni mkwe aliacha kugonga kigae. Tani Saba alilitazama kopo. Miaka yote alikula giligilani ile bila kujua kwamba imepita motoni. Alijua bei ya dizeli ya kila mji, alijua kila daraja bovu, hili hakulijua.

“Sasa za kupanda,” alisema taratibu, “alikuwa anaweka wapi?”

“Si kwenye foronya. Mashina yakigeuka rangi ya udongo anayakata, anayatumbukiza kichwa chini kwenye foronya, anafunga fundo, anatundika nyuma ya mlango wa stoo, mbali na joto la jiko. Hukuiona? Miaka thelathini na minane?”

Tani Saba alisimama, akakaa tena.

“Niliiona,” alisema. “Niliitumia kukinga kioo.”

Wakaingia ndani wote wawili. Binti alikuwa anachana nywele mbele ya kile kioo, kizima, bila hata mkwaruzo.

“Foronya iliyokuja na kioo hiki iko wapi?” Tani Saba aliuliza.

“Ile chafu? Nilitaka kuitupa, baba, mume wangu akaniomba. Alisema imejaa vizuri, si ngumu si laini. Magoti yake yanamuuma.”

Walitoka nje kwa mstari, binti na kitana bado kichwani. Fundi alikuwa amepiga magoti pale pale, na chini ya magoti yake kulikuwa na foronya ya maua yaliyofifia, imelaliwa mpaka imekuwa bapa, mashimo mawili katikati. Alipoegemea mbele kuchukua kigae, ile harufu ikapanda.

“Mwanangu,” Tani Saba alisema. “Nyanyuka kidogo.”

“Kuna nini, baba?”

“Nyanyuka tu. Umempigia magoti mama mkwe wako wiki tatu, amekusikia.”

“Mtaka cha mvunguni huinama,” shemeji alisema. “Huyu kaona kuinama hakutoshi.”

Wakaifungua foronya juu ya ungo. Yakamwagika mashina yaliyosagika, vumbi, na punje. Tani Saba alizipekua kwa kidole na uso ukamshuka. Nyingi zilikuwa zimepasuka vipande viwili.

“Zimevunjika,” alisema. “Nimechelewa.”

“Zimepasuka, hazikuvunjika,” shemeji alimjibu, na safari hii hakucheka. “Kila punje ina mbegu mbili ndani, kama mapacha. Ukiipanda nzima inachukua siku nyingi kufunguka. Dada alikuwa anazikanyaga kwanza kwa kandambili, taratibu, kisha anazilowesha usiku mmoja. Huyu kijana amekukanyagia tayari. Zilizosagika pepeta, zilizogawanyika panda. Na panda pale pale utakapoziacha, usije ukazihamisha. Ina mzizi mmoja mrefu, ukiugusa inanuna.”

“Kama wazee,” binti alisema.

“Kama wazee wengine,” Tani Saba alisema.

Kisha akakumbuka siku. Aliitazama kona yake, udongo mtupu, bila hata unyasi, akautazama mstari wa vigae ulioanzia mlangoni. Akarudisha punje ndani ya foronya, akafunga fundo kama alivyolikuta.

“Wiki tatu zimeisha leo,” alimwambia mkwe wake. “Nilisema mwenyewe. Simenti yako inakauka, endelea. Mimi nitatafuta debe, nitaipanda kwenye debe.”

Binti alifungua kinywa. Shemeji akambana kiganja.

Mkwe alijikuna shingo. Alitazama ndoo ya simenti, akamtazama mzee, akalitazama rundo la vigae lililokuwa kando yake, linamfika kiunoni.

“Tatizo, baba,” alisema, “vigae vimeniishia.”

Tani Saba akaligeukia rundo. Lilikuwa vigae mia na ushei, vimepangana kama mikate. Akalitazama kwa muda, kwa makini ya mtu aliyekagua mizigo maisha yake yote.

“Naona,” alisema. “Kweli vimeisha.”

“Vitafika pale kwenye tangi tu. Kona itabidi ibaki hivyo.”

“Ibaki hivyo. Tutafanyaje sasa.”

Usiku ule punje zililala kwenye bakuli la maji. Asubuhi Tani Saba alizipanda, mifereji minne, kidole kimoja kwenda chini, akafunika kwa udongo mwepesi.

Ziliota siku ya tisa, si zote, kama theluthi moja. Majani ya kwanza yalikuwa membamba kama ya nyasi, na Tani Saba nusura ayang’oe akidhani ni magugu. Baada ya hapo alipanda mstari mmoja kila wiki ya tatu, kwa sababu jua likikaza giligilani hukimbilia kuchanua na majani huwa nyuzi. Mistari mingine ilikufa. Mwaka wa kwanza alipata mbegu ya kujaza kikombe.

Fundi alimaliza ua mpaka kwenye tangi. Akanunua mto wa sponji wa magoti, akasema si mzuri kama ule. Vigae vilivyobaki aliviuza kwa jirani.

Binti alihamishiwa wodi ya watoto. Alijifunza kukaanga za kusaga, akaunguza mara mbili, ya tatu akapatia. Zile za kwenye kopo walizimalizia kwenye maharage.

Shemeji alichukua konzi moja ya mbegu, akapanda nyuma ya kibanda chake cha kushonea. Kuku wa jirani walikula zote. Akaja kuchukua nyingine.

Nyumba ya zamani ilinunuliwa na mtu mwenye gari mbili. Bustani ilimwagiwa zege.

Tani Saba alikaa kwa binti yake miaka sita. Mara tatu alifunga begi akasema anakwenda kutembea mwezi mzima, na mara tatu alirudi baada ya siku nne kumwagilia. Alikufa mwezi wa mbegu, mashina yakiwa yameshageuka rangi ya udongo. Mkwe wake ndiye aliyeyakata, akayatumbukiza kichwa chini kwenye foronya, akaitundika nyuma ya mlango wa stoo.