Matabishi ya kwenye blogi

Irène, ambaye wateja wote humwita Mama Divin, aliuza maharage kule mtaa wa Asiatique, na kumnyamazisha ilikuwa kazi. Kwa hiyo alipofungua blogi kwenye simu yake, jamani, maneno yalipata pa kukaa. Aliandika maharage gani yanaiva upesi, yapi yanakula makaa bure, yapi usithubutu kuyabandika mgeni akiwa mlangoni. Watu wa Kibenga na Mutanga Nord ambao hawajawahi kukanyaga dukani kwake wakaanza kuagiza, na motari wake, yule wa pikipiki, akawa hakai chini.

Kichwa kikamvimba kidogo. Mumewe, Honoré, akamshauri waende kisasa: bei iandikwe, kilo iwe kilo, kusiwe na kuvutana. Irène akakubali. Akaacha hata matabishi, kile kiganja cha mwisho ambacho muuzaji humtilia mteja juu ya kipimo wakishapatana. Angemtilia nani, na mteja mwenyewe hayupo?

Basi asubuhi moja, chini ya makala yake mpya, mbele ya macho ya watu wote, Mama Spès wa Mutanga Nord akaandika. Huyu alikuwa mteja wake tangu Irène alipovuka mpaka kutoka Uvira bila kumjua mtu hapa mjini.

"Kilo ni kilo, haukuniibia. Lakini mbele ulikuwa unanitilia matabishi, unaniuliza kama mugongo unauma. Sasa mi nanunua kwa mutu ao kwa telefone?"

Wengine wakamuunga mkono, mmoja baada ya mwingine. Honoré akasema afute upesi kabla biashara haijaharibika. Irène alikasirika, tena sana, akajiona kama amevuliwa nguo sokoni. Kidole kilikuwa tayari. Lakini aliposoma tena habari ya ule mgongo, hasira ikamtoka na aibu ikaingia, maana ni kweli hakuwa ameuliza. Na Mama Spès akienda zake, atampata wapi mwingine?

Hakufuta. Akaandika palepale, mbele ya wote: "Mama Spès, mugongo unaendeleaje?" Kisha akampa motari kifuko chenye kiganja kimoja tu cha maharage ampelekee. Honoré alishika kichwa. Pikipiki nzima, kwa kiganja!

Mchana kutwa Irène alipima maharage jicho likiwa kwenye simu. Wasomaji hawakumngoja Mama Spès ajibu. Mmoja alitaja mafuta ya kuchua, mwingine akalaumu godoro, wakabishana kama vile wamesimama mbele ya meza yake.

Jioni jibu lake likaja.

"Mugongo ungali unauma. Kiganja nimekipata. Kesho usinitumie motari. Nakuja mwenyewe, na juu ya iyo bei yako tutavutana."

Honoré akauliza sasa bei zilizoandikwa zitakuwaje. Irène alikuwa anacheka peke yake, huku akitafuta kiti chenye egemeo.