Macho kwenye Kabati la Umuhire

Vanishi ilikataa kwa mara ya tatu, na Védaste akatukana mpaka majirani wa mtaa wa Nengo wakatoa vichwa madirishani. Kabati lilikuwa la binti yake Umuhire, wa kuolewa Jumamosi, na siku hiyo lingebebwa mbele ya wakwe wote. Mbao zilikuwa nzuri, libuyu safi kutoka Congo. Lakini kila alipopaka vanishi kwa kitambaa, ilijikunja na kuacha vishimo vidogo vya duara, vikimkodolea kama macho ya sambaza, dagaa wa ziwa letu.

Alidhani ni vumbi, akamwagia sakafu maji. Alidhani ni unyevu wa ziwa, akasubiri jua la saa sita. Akanunua kopo jipya, akachana kitambaa kipya. Kila mara alipiga msasa mpaka mbao zikabaki tupu, kisha akapitisha kiganja juu yake polepole, kama alivyofundishwa ukimbizini Karagwe, kwa sababu kiganja hugundua mkwaruzo ambao jicho halioni. Halafu akapaka, na macho yakarudi.

Valentin, mtu wa Kanama, mwenzake wa karakana kwa miaka mitatu, alikuwa akimtazama tangu asubuhi.

"Ni mikono yako, ndugu yangu," akasema. "Iko na mafuta ya ng'ombe. Vernis haipendi mafuta. Nawa kwanza, donc."

Laiti angenawa! Kila asubuhi Védaste alijipaka samli viganjani, maana tina ya kuyeyushia vanishi ilimpasua ngozi, na samli hiyo ilitoka kwa ng'ombe wa mama yake, waliorudi nao kwa miguu kutoka Tanzania. Alikwisha kusikia mjini minong'ono kwamba waliorudi kutoka ukimbizini wananuka siagi. Basi hakusikia ushauri wa fundi, alisikia kejeli. Damu ikampanda.

"Samli yetu ndiyo inayokukera? Sema kweli, Valentin! Binti yangu anaolewa, wako bado yuko nyumbani. Umetia kitu kwenye vanishi yangu. Umurozi!"

Alipaza sauti, na barabara ilijaa watu. Umurozi, mtia sumu. Huku kwetu mwizi husamehewa na mlevi huchekwa, lakini umurozi hukwepwa mpaka kaburini. Ulimi hauna mfupa. Valentin aliokota randa na msumeno wake, akaondoka.

Alhamisi asubuhi, jua likiingia kwa ubavu, Védaste aliinama kuutazama mlango wa kabati. Macho hayakutawanyika ovyo. Yalijipanga mistari minne, na wa tano pembeni. Akaweka mkono wake juu, ukatoshea kidole kwa kidole. Nyani haoni kundule, na huyu alionyeshwa akakataa! Akanawa kwa sabuni na majivu, akazifuta mbao kwa tina, akapaka. Vanishi ikatulia, laini, bila doa. Hakufurahi hata kidogo. Aliona aibu.

Akapanda minibasi hadi Kanama. Verediane, mke wa Valentin, alimpokea bila kumtazama usoni.

"Batu bamekataa maharagi yangu ku soko," akasema. "Batoto nabo, hakuna mwenye anacheza nabo."

Védaste alimweleza Valentin yote: samli, kiganja, alama za vidole. "Nimekukosea, ndugu yangu. Jumamosi nitasema mbele ya watu wote kwamba nilikusingizia."

Valentin aliitikia kwa kichwa. Kisha akamwambia mkewe alete urwagwa, pombe ya ndizi. Kwa desturi mwenye nyumba huonja kwanza, ili mgeni aamini kuwa hamna sumu. Valentin akaonja, akameza, akafuta mdomo, akamnyooshea mgeni kibuyu kwa mikono miwili.

Védaste alijua. Alijua kuliko mtu yeyote duniani kuwa mtu huyu hana kosa. Lakini mkono wake ulichelewa, pumzi moja tu, na macho yake yakateremka kuikagua pombe.

Valentin aliona. Akakirudisha kibuyu kifuani pake taratibu.

"Ata we mwenye ulisema uo uongo unaogopa," akasema. "Bale bengine basi banifanye nini?"