Mke Mwenza

Karani wa mahakama alisoma ripoti ya hospitali kwa sauti ya mtu anayehesabu viti. Moyo wa bibi ni mzima, macho bado yanaona, nguvu za kumlea mjukuu aliyeachiwa na marehemu bintiye anazo. Ikabaki ripoti ya mwanasaikolojia, na hiyo bibi hakuiogopa hata chembe. Yule mwanamke si alikuwa amekwisha kuwa mwanawe!

Mara tatu alikuja nyumbani kwa amri ya hakimu, akavua viatu mlangoni, akanywa chai mpaka tone la mwisho. Siku ya pili bibi alimtania mjukuu mbele yake: "We mke mwenzangu, tangu bwana wetu afariki hujashika ufagio!"

"Mke mkubwa ndiye anayefagia!" mjukuu akajibu, miaka yake saba, mdomo wa sabini.

Mwanasaikolojia alicheka hadi akajifuta machozi. "Hata mimi bibi yangu alikuwa akiniita hivyo hivyo," alisema. Basi bibi akamfungulia moyo, asibakize kitu, hata zile siku anazojifungia chooni kumlilia bintiye ili mtoto asimwone.

"Mlezi hulia kwa kujificha," karani akasoma. "Humwita mtoto mke mwenza, ishara kwamba humwona kama mshindani. Inapendekezwa mtoto ahamishiwe makao ya watoto."

Kikulacho ki nguoni mwako; hiki bibi alikikaribisha mwenyewe na kukimiminia chai. Akasimama.

"Mheshimiwa, naomba nimuulize neno moja tu." Hakimu akaruhusu. "Mwanangu, wewe bibi yako alikuwa akikuitaje?"

Mwanasaikolojia alipanga karatasi zilizokuwa zimekwisha kupangika.

"Sikumbuki, mama."

Hakimu akaandika kitu, akaahirisha uamuzi kwa wiki mbili.

Nje ya chumba cha kesi, ukumbini, mjukuu alikuwa amekaa kwenye benchi, miguu haigusi sakafu. Alipomwona bibi aliruka chini, ukumbi mzima ukamsikia: "Mke mwenza! Tunarudi nyumbani?"

Bibi alitazama kushoto, akatazama kulia. Mwanasaikolojia alikuwa akipita, mkoba kwapani.

"Twende, mtoto," bibi alisema.

Mjukuu akageuka nyuma, kutazama ni mtoto gani anayeitwa.